Mwanza–Arusha kwa ndege: kabla hujalipa, soma herufi tatu

Dada, usilipe hiyo tiketi. Na kama umeshalipa, acha kwanza kukunja nguo, soma hapa mpaka mwisho.

Umeuliza Mwanza hadi Arusha kwa ndege ni kilomita ngapi, inachukua muda gani, nauli imesimama wapi siku hizi, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu analipiwa vipi. Halafu chini kabisa, kama vile ni jambo dogo, ukasema una usaili Arusha saa nne asubuhi, na umeona ndege inayotoka Mwanza saa mbili asubuhi siku hiyo hiyo, inaruka dakika 60, "nikifika saa tatu napata hata chai." Wadau watatu wamekujibu: kilomita 420, saa moja, safari njema. Mmoja kakuwekea na picha ya ndege.

Chai hiyo hutainywa. Saa tatu na robo utakuwa umembeba mtoto unasubiri begi katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na waliokuita kwenye usaili wako Arusha wanapanga viti. Nasema hivi kwa sababu yalinikuta mimi, kosa hili hili, ila nilikuwa natokea upande wa pili.

Sikiliza. Arusha ina viwanja viwili. Kimoja ni Arusha Airport yenyewe, wenyeji tunaiita Kisongo, ipo barabara ya kwenda Babati, kilomita kama nane kutoka mjini. Cha pili ni KIA, yaani Kilimanjaro International Airport. Hicho kilifunguliwa mwaka 1971 kihudumie Arusha na Moshi kwa pamoja, ndiyo maana kikawekwa kule nyikani, kati ya Meru na Kilimanjaro, mahali ambapo si Arusha wala si Moshi. Kutoka KIA hadi Arusha mjini ni karibu kilomita 50. Wakata tiketi wanaviita vyote viwili "Arusha". Kompyuta haifanyi hivyo. Kwenye kompyuta Kisongo ni ARK, KIA ni JRO, na kiwanja chako cha Mwanza ni MWZ. Herufi tatu tatu. Kwa kutozisoma nililipa zaidi ya milioni moja, na fedha ndiyo iliyoniuma kidogo kuliko yote.

Ilikuwa mwaka 2022. Mdogo wangu alipata mchumba Mwanza, binti wa Kisukuma, kwao Buswelu. Baba yetu ametangulia mbele za haki, kwa hiyo wa kusimama upande wetu nikawa mimi. Mshenga na baba zetu wadogo wawili walitangulia kwa basi siku mbili kabla. Mimi kazi ilinibana mpaka jioni ya mwisho, tukakubaliana nifike kwa ndege asubuhi ya kikao, na bahasha ya mahari ikae kwangu kwa sababu wazee waliogopa kulala nayo njiani. Bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi na uzi juu yake, na baba mdogo kaandika kwa kalamu nyekundu neno moja: NG'OMBE. Kikao saa tano asubuhi.

Tiketi nilikata kwa wakala mmoja pale mjini Arusha. Ana meza, kompyuta, na bango la ndege ukutani. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, naomba mnisikie vizuri hapa kwa sababu watu hudhani sikuuliza: ndege hii inaondokea wapi? Akajibu bila kuinua macho, "Si Arusha hapa hapa kaka, Kisongo. Uwe pale saa kumi na mbili na nusu." Nikalipa. Tiketi ikaja kwenye simu. Nikatazama jina langu kama limeandikwa sawa, nikatazama tarehe, nikatazama saa 08:10, yaani saa mbili na dakika kumi asubuhi, nikafunga simu. Palipoandikwa kiwanja sikupatazama, maana nilikuwa nimeambiwa na mtu mwenye kompyuta.

Siku yenyewe saa kumi na mbili na nusu nipo Kisongo, nimevaa koti, bahasha ipo mfuko wa ndani. Pale asubuhi kumejaa watalii wenye kofia na mabegi laini, wanasubiri vile vindege vidogo vya kuingia Serengeti. Nikapanga foleni. Nilipofika mbele, dada wa kaunta akaipokea simu yangu, akaisoma, akaisoma tena, akanigeuzia. Ukucha wake ulikuwa na rangi ya zambarau, akauweka chini ya zile herufi. "Kaka, soma hapa." Nikasoma: JRO. "Hii ni ya KIA."

Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Kaunta ya KIA ilikuwa inafungwa dakika 40 kabla ya ndege kuondoka, yaani saa moja na nusu. Kwa hiyo nilikuwa na dakika 40, na kati yangu na kaunta kuna jiji zima la Arusha na zaidi ya kilomita 50.

Kijana wa teksi alikuwa mwerevu, akaukwepa mji, akapita ile barabara ya mchepuo inayotokea Usa River. Mpaka Usa River nilikuwa bado na matumaini. Lakini kuanzia pale hadi KIA ile barabara ya Moshi mnaijua: kila penye vibanda vitatu kuna kibao cha 50, na penye kibao cha 50 kuna askari ana tochi ya kupima mwendo. Watoto wa shule wanavuka, lori la mchanga liko mbele, huwezi kulipita. Maji ya Chai tukapigwa mkono. Tulikuwa 78. Elfu thelathini, nikalipa mimi, maana mwenye haraka nilikuwa mimi na si yule kijana. Dakika nane zikaishia pale pembeni ya barabara.

Saa mbili kasoro dakika nane nimeingia KIA nakimbia. Kaunta ina kijana mmoja tu, anakusanya vile vikaratasi vya kufunga kwenye mabegi. Kwenye kioo ndege naiona kabisa, ile ya mapangaboi, haijawasha, ngazi bado ipo mlangoni. Nikamwambia ndege si ile pale? Akasema ndiyo ile pale. Nikamwambia sina begi, nina bahasha tu. Akanieleza kwa upole kwamba abiria na mizigo wameshapigiwa hesabu ya uzito, karatasi imeshakwenda kwa rubani, na yeye hana uwezo wa kuifungua. Nilimkasirikia wakati ule. Leo simlaumu hata kidogo. Aliyenikosesha ndege alikuwa amelala kwake Arusha.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa maua. Mlima Kilimanjaro, ambao wageni huja toka mbali na kuondoka bila kuuona kwa mawingu, asubuhi hiyo ulikuwa wazi wote, Kibo na Mawenzi, barafu inang'aa. Mapangaboi yakaanza kuzunguka. Ndege ikapita mbele yangu, ikaruka, ikakata kwenda magharibi. Nikampigia mdogo wangu. Kwanza alidhani natania.

Ndege nyingine ya moja kwa moja ilikuwa baada ya siku mbili. Mabasi ya Mwanza yalishaondoka alfajiri. Ikabaki njia moja: kwenda Dar kwanza, halafu Dar–Mwanza. Tazama hiyo hesabu, wewe unayeuliza umbali. KIA hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kilomita 470 na kidogo. Mimi niliruka kama 450 kwenda kusini-mashariki hadi Dar, nikakaa pale natazama saa, halafu kama 850 kurudi kaskazini-magharibi. Kilomita 1,300. Nilifika Buswelu saa mbili usiku, watu waliokuwa wamepika saa tano asubuhi wamekaa wananitazama.

Mzee mmoja wa upande wa binti aliipokea bahasha, akasoma lile neno jekundu, akaniuliza taratibu kabisa, "Hawa ng'ombe wamepita njia gani, mwanangu?" Nikasema, shikamoo mzee, wamepita Dar es Salaam. Akanyamaza. Mkutano mzima ukanyamaza. Halafu akasema, "Basi watakuwa wamekonda. Ongeza mmoja."

Tukaongeza mmoja. Laki nne kwa bei ya kikao kile. Ukijumlisha na tiketi ya kwanza iliyopotea laki mbili na arobaini, maana ilikuwa ya bei nafuu haibadilishwi, na tiketi za kupitia Dar laki tano na sabini, na teksi laki moja, na ile thelathini ya Maji ya Chai, inakuja milioni moja, laki tatu na elfu arobaini. Ndoa ilifungwa, mtoto yupo, anatambaa. Anayetaka kucheka acheke, ila kwanza aweke hapa tiketi yake ya mwisho tuone kama herufi zake anazijua.

Lakini kuna kitu hakikulipwa na hakilipiki. Baba zangu wadogo, wazee wa miaka sabini, walikaa ugenini kuanzia saa tano asubuhi hadi usiku hawana la kusema, wanaulizwa "mwenye bahasha yuko wapi?" wanajibu "yuko angani." Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Niliporudi Arusha nilikwenda kwa yule wakala. Sikwenda kudai hela, nilitaka aniambie tu kwamba alikosea. Akaitazama tiketi, akasema, "Si zote ni Arusha tu kaka." Zote ni Arusha! Mtu anayekula kwa kuuza tiketi, kila siku zile herufi ziko mbele ya macho yake, halafu anakwambia zote ni Arusha. Daktari akikwambia mguu wote ni mguu tu, akakata wa kulia badala ya wa kushoto, utamshukuru? Na mpaka leo wapo wengi wa namna hiyo, wanajibu haraka kwa sababu wakishapokea hela kilichobaki ni shida yako. Nina hasira nao na sizifichi.

Sasa rudi kwenye yako, maana hao waliokupa "kilomita 420, saa moja" wamekupa namba mbili za safari mbili tofauti. Kilomita 420 na ushee ni kutoka kiwanja cha Mwanza hadi Kisongo. Ukienda KIA ni 470 na ushee. Zile tovuti za kuhesabu umbali zinachora mstari kwenye ramani, kisha zinagawa kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti. Hazijui utapanda nini wala utatua wapi. Ndege za kuingia na kutoka Kisongo mara nyingi ni ndogo, Caravan za injini moja, abiria kama 12, zinakwenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya mwenyewe: saa moja na dakika 25 bila kutua popote, na nyingi za njia hiyo hutua Serengeti kushusha na kupakia watalii. Kwa hiyo mtu akikwambia "Arusha, dakika 60", mwombe herufi hapo hapo. Dakika 60 zinanukia JRO.

Tuseme ni JRO, kama ninavyohisi. Ndege saa mbili, na iondoke kwa wakati. Saa tatu na dakika tano umetua. Kushuka, kutembea, begi, mtoto anataka kubadilishwa: saa tatu na nusu umebahatika. Halafu kilomita 50 za barabara ile ile niliyokueleza, safari hii kinyume: Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru. Kuanzia Tengeru barabara ni njia nne mpaka mjini, inapumua kidogo, lakini mpaka uifikie umeshakaa nyuma ya malori. Saa moja kama njia ni nyeupe, saa moja na nusu siku ya kawaida. Unaingia mjini saa nne na nusu au saa tano, usaili ulikuwa saa nne. Na hapo sijahesabu upande wa Mwanza. Kiwanja kiko kule Ilemela, kama kilomita kumi toka mjini, na ukiwa na mtoto unatakiwa pale saa kumi na mbili asubuhi, yaani umeamka saa kumi alfajiri. Toka kitandani hadi kiti cha usaili ni saa saba, kwa safari unayoambiwa ni dakika 60. Hizo 60 ni za ndege, siyo zako.

Kama ni ARK, kushuka ni raha, mjini unafika kwa muda mfupi tu hata kwa bodaboda, ingawa na mtoto chukua teksi. Lakini begi lako lipime nyumbani: vindege hivyo huwa vinaruhusu kilo 15, tena begi laini lisilo na fremu ngumu. Lile sanduku la magurudumu liache.

Kuna mdau kaandika hapo juu kwamba afadhali basi kwa kuwa "kilomita 420 siyo nyingi." Ndugu yangu, 420 ni za ndege. Ule mstari ulionyooka wa Mwanza–Arusha unapita karibu kabisa na Ndutu na kreta ya Ngorongoro, na ndiyo maana barabara kuu haipiti huko, inazunguka kusini: Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, ndipo Arusha. Karibu kilomita 800, saa kumi na mbili na zaidi. Ile njia ya mkato ya lango la Ndabaka inakatiza Serengeti na Ngorongoro, ina malipo ya hifadhi, na malango yanafungwa jioni, kwa hiyo ya usiku isahau. Ila tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, ukipanda ya kuzunguka unaweza kuamkia Arusha. Na mtoto sikushauri, ufike umechoka hivyo halafu ukae mbele ya watu wanaokuuliza maswali.

Ninachokushauri ni ndege ya siku moja kabla, ulale Arusha. Lakini hata hiyo usiikate kwa mdomo wa mtu. Mwambie wakala akugeuzie kioo cha kompyuta. Usimuulize "ni Arusha?" maana atasema ndiyo, na atakuwa hajadanganya, na wewe utakuwa umepotea. Muulize "herufi tatu ni zipi?" Akisita, ondoka, nenda kwa mwingine. Kisha zisome mwenyewe kwa macho yako, mara moja kabla ya kulipa na mara moja usiku wa kuamkia safari. Mke wangu ananiona mwendawazimu, kwa sababu siku hizi hata akisafiri yeye namwomba anisomee herufi kwa simu kwa sauti, moja moja, kama watoto wa darasa la kwanza. Anasoma huku anavuta pumzi, lakini anasoma.

Na usiache kuzitazama za kurudi. Watu wanahakikisha za kwenda halafu wanarudi kwa uzembe. Unaweza kabisa kushukia JRO na tiketi ya kurudi ikawa ya ARK, ukaamka asubuhi umelala hoteli ya Usa River kwa sababu uliambiwa iko karibu na kiwanja. Kiwanja kipi?

Haya, fungua hiyo tiketi sasa hivi. Pembeni ya MWZ kuna herufi nyingine tatu. Ziandike hapa chini, hizo tatu tu, tuzione wote. Usiandike "Arusha".